Bei ya ng'ambo hatuipangi, lakini gunia ni letu



Kila msimu wa kuuza ukifika, neno tunalolisikia ni lile lile: bei imeanguka. Mnunuzi anasema Kigoma imeanguka, Rumonge imeanguka, Uvira vilevile. Sisi tunatikisa kichwa, tunauza. Halafu katika mikutano tunalaumu wafanyabiashara, tunalaumu leta, tunalaumu barabara. Lawama hizo ziko na ukweli, hatutazikana. Lakini maoni yetu katika ukurasa huu ni kwamba sehemu kubwa ya bei tunaipoteza hapa hapa nyumbani, kabla gunia halijafika hata Baraka. Na sehemu hiyo tunaweza kuirudisha sisi wenyewe, tukianza na mavuno yanayokuja, bila kungoja mradi wowote.

Sisi ni wadogo, na mlango uko wazi

Tuangalie kwanza tulipo. Bibokoboko iko juu mlimani, Baraka iko chini kwenye maji. Mzigo mwingi unashukaka kwa kichwa na kwa mgongo. Ukifika Baraka, uko na njia mbili. Njia ya kwanza ni barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu, inapita Uvira na Baraka, inaendelea mpaka Kalemie na Lubumbashi. Wakati wa mvua kila mtu anajua hali yake. Njia ya pili ni ziwa Tanganyika: boti za kwenda Uvira, Kalemie, Rumonge ya Burundi, Kigoma ya Tanzania.

Mlango huo wa ziwa uko wazi pande zote mbili. Maharagi yetu yanatoka, lakini mchele na unga wa Tanzania nao unaingia. Ukienda kwenye soko la Baraka, bidhaa ya mtu wa ng'ambo imekaa pembeni ya bidhaa yako, na mama mwenye familia anachagua. Kwa hiyo tunaposema kushindana sokoni, tusifikirie Ulaya peke yake. Tunashindana kila siku, na mara nyingine tunashindwa tukiwa kwetu.

Mtu mdogo kwenye soko lenye mlango wazi hapangi bei. Hata mavuno yote ya milima yetu yakivuka ziwa kwa siku moja, bei ya Kigoma haitatikisika sana, juu kule kunafika mizigo ya mikoa mizima ya Tanzania. Bei inatukuta. Hata nchi nzima ya Rwanda au Burundi haipangi bei ya kahawa, inapangwa kwenye soko la New York. Basi mtu mdogo anabakiwa na nini mkononi? Anabakiwa na mambo matatu: gharama ya kufikisha mzigo, ubora wa mzigo unaofika, na jina lake kwa mnunuzi. Kazi ya kooperative iko ndani ya mambo hayo matatu. Kooperative inayokusanyika tu kusubiri bei nzuri, bila kugusa hata moja, inapoteza wakati wa memba wake.

Wenzetu wa kahawa walifanya nini?

Iko watu watakaosema: hayo ni maneno ya kwenye karatasi, mtu maskini hawezi kuuza nje kwa bei nzuri. Tutazame majirani.

Rwanda, miaka ya 1990 ilipokuwa inaisha, ilikuwa inatoa kahawa ya kawaida, iliyooshwa nyumbani, kila mtu kwa namna yake, ikauzwa kwa bei ya chini kabisa. Mwaka 1999 wakulima wa Maraba, kusini mwa nchi, wengi wao wajane na yatima wa mauaji ya 1994, waliunda kooperative ya Abahuzamugambi. Mwaka 2001 walipata kituo cha kuoshea kahawa. Mwaka 2003 kahawa yao ilikuwa inauzwa kwenye maduka makubwa ya Uingereza ikiwa na jina la Maraba juu ya pakiti. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya kahawa bora yanayoitwa Cup of Excellence. Burundi ilifuata mwaka 2012.

Udongo haukubadilika. Miti ilikuwa ile ile. Bei ya New York hawakuigusa. Walichobadilisha ni kuvuna tunda jekundu tu, kulifikisha kwenye kituo siku ile ile, kuliosha pamoja, kulikausha juu ya meza badala ya chini, na kutoa kwa mkono kila punje mbovu. Mnunuzi akionja gunia la kwanza na la mia, anakuta ladha ni moja. Hapo ndipo alipokubali kulipa zaidi.

Wengine watasema: hiyo ni Rwanda, nchi yenye leta iliyosimama. Basi turudi kwetu Kivu ya Kusini. Huko Kalehe, kwenye pwani ya ziwa Kivu, miaka ya vita wakulima walikuwa wanavusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, juu hapakuwa na soko upande wetu. Waliuza kwa bei ya kutupa, na wengi walizama ziwani. Mwaka 2003 ilianzishwa kooperative ya SOPACDI kule Minova. Haikuanza na pesa nyingi, na vita ilikuwa haijaisha. Ilikusanya wakulima wa makabila mbalimbali, wakajifunza kuosha kahawa pamoja, wakapata cheti cha biashara ya haki, na kahawa yao ikafika Ulaya kwa njia ya halali, kwa jina la Kivu. Leta ile ile tunayoilalamikia sisi, ndiyo waliyokuwa nayo. Barabara zao hazikuwa nzuri kushinda zetu.

Hatusemi kila mtu apande kahawa. Sisi tuko na maharagi, mahindi, viazi, karanga, muhogo, na huku chini mafuta ya mawese. Tunachochukua kwao ni somo: walishinda kwa kufanya mzigo wa watu wengi ufanane na mzigo wa mtu mmoja.

Tunabebesha mama zetu maji

Sasa tuje kwenye gunia letu, na tuseme ukweli kati yetu.

Jambo la kwanza ni unyevu. Kanuni ya mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka maji yasizidi asilimia 13.5. Tuchukue gunia la kilo 100 ambalo halijakauka vizuri, liko na maji asilimia 20. Ukilikausha mpaka 13.5, linabaki karibu kilo 92 na nusu. Maana yake ni kwamba kilo 7 na nusu zilizoshuka mlimani juu ya mgongo wa mama au dada yetu zilikuwa maji tu. Tumelipa usafiri wa maji. Tumelipa nafasi ya maji kwenye boti. Na mnunuzi sio mjinga: akiingiza mkono kwenye gunia, akasikia ubaridi, anakata bei ya gunia lote, hata punje zilizo kavu.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa vizuri, acha kama dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yako na maji mengi. Ikibaki inaanguka chini bila kushika, unaweza kuweka gunia. Kila kooperative inaweza kuwa na chupa hiyo mlangoni kwa depo, na mtu mmoja mwenye kuaminika wa kuitikisa, bila kuangalia gunia ni la ndugu yake au la rais wa kooperative.

Jambo la pili ni sumu ya kuvu, Watanzania wanaiita sumukuvu. Inaingia kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa chini kwenye udongo, au zilizofungwa zikiwa na maji. Haionekani yote kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125. Na inafunga masoko. Mwezi wa tatu mwaka 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kuingia, juu ya sumukuvu. Zuio lilifunguliwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Uganda na Tanzania walikuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu zamani, na bado walifungiwa mlango. Kongo imeingia Jumuiya hiyo mwaka 2022. Tusidanganyike kwamba kuwa memba kunatosha. Jumuiya inafungua mlango, lakini gunia lenye kuvu linarudishwa mlangoni pale pale.

Tena hapa tusifikirie mnunuzi peke yake. Gunia bovu linalokataliwa Kigoma linarudi wapi? Linarudi kuliwa na watoto wetu. Turubai la kukaushia karanga ni la soko, na ni la afya ya nyumba.

Jambo la tatu ni mchanganyiko. Mtu wa Kigoma akitaka maharagi ya manjano, anataka ya manjano. Sisi tunamletea gunia lenye manjano, mekundu, meupe, na ya madoadoa, pamoja na mawe kidogo. Tunajua sababu: shambani kuchanganya aina ni akili ya wazee wetu, aina moja ikishindwa na mvua, nyingine inasimama. Hatusemi tuache. Lakini kuchanganya shambani sio lazima kuchanganya kwenye gunia. Kuchambua ni kazi ya jioni mbili tatu nyumbani. Na kwa upande wa mafuta ya mawese ni vilevile: mafuta yaliyochelewa kupikwa baada ya kuvuna ngazi, au yenye maji chini ya bidoni, au yaliyotiwa kwenye bidoni iliyobeba petroli, yanaharibu jina la mafuta yote ya Fizi. Na ng'ambo, Rumonge yenyewe ni nchi ya mawese. Hatuwezi kupeleka mafuta mabaya kwa watu wenye mafuta.

Hesabu ya mfano inaonyesha hasara inavyokwenda. Tuseme gunia la kilo 100 liko na kilo 5 za mawe na punje mbovu. Mtu angefikiri mnunuzi atakata kilo 5. Sivyo. Mnunuzi hajui gunia la pili liko na kilo ngapi, kwa hiyo anakata 10 au 15 kwa kila gunia, kujikinga. Mkulima aliyechambua vizuri anakatwa sawa na jirani yake ambaye hakuchambua. Mwaka unaofuata naye anaacha kuchambua. Hivi ndivyo sote tunashuka pamoja. Mtu mmoja hawezi kuvunja mzunguko huo. Kooperative inaweza, kwa sababu inaweza kukataa gunia mlangoni na kuweka alama yake juu ya magunia iliyoyakubali.

Mizani iwe yetu

Soko letu bado linapima kwa kopo, kwa ndoo, kwa gunia lililojazwa mpaka likashonwa na kamba juu. Tanzania wanaita gunia la namna hiyo lumbesa, na serikali yao imelipiga vita miaka mingi. Kenya, kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 zilisema mfuko usizidi kilo 50. Kwa nini walihangaika hivyo? Kwa sababu gunia lisilo na uzito unaojulikana ni njia ya kumnyang'anya mkulima bila kumpiga. Anauza gunia moja, mnunuzi akifika mjini anatoa gunia moja na robo.

Kooperative isiyo na mizani haijaanza biashara. Mizani ya kuning'iniza bei yake inaweza kulipwa na memba wakichanga, na ni mali itakayokaa miaka. Mizani inafanya kazi mbili. Inamzuia mnunuzi kutuibia, na inatuzuia sisi kwa sisi. Maana lazima tukubali kwamba nasi tunaweka jiwe kwenye gunia tukifikiri tumemshinda mfanyabiashara. Jiwe hilo analilipa mkulima mwingine, juu safari ijayo bei inashuka kwa wote.

Mpakani tupite na karatasi, sio na kilio

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na tunawaelewa. Mtu anashuka na magunia mawili, anakuta ofisi baada ya ofisi, kila mmoja anadai chake, wengine bila kitansi. Akimaliza, faida imekwisha. Ndiyo maana watu wanavuka usiku.

Lakini sheria ya nchi yetu inasema nini? Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 ilitaja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: duwane, ambayo leo inaitwa DGDA, OCC, inayokagua bidhaa, huduma ya usafi na afya ya mipakani, na DGM, inayoshughulika na watu wanaoingia na kutoka. Nne. Mtu mwingine akisimama njiani kwenye bandari na kudai pesa ya kuvusha, tuko na haki ya kumuuliza karatasi yake. Kwa mimea, tunahitaji pia cheti cha huduma ya karantini ya wanyama na mimea, na kinatafutwa kabla ya kufika kwenye boti.

Mkulima mmoja akisema maneno hayo bandarini, atachekwa, pengine atateswa. Kooperative iliyoandikishwa ni jambo lingine. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, iliyokubaliwa mwaka 2010, inaruhusu hata watu 5 kuunda kooperative nyepesi, na watu 15 kuunda yenye baraza la usimamizi. Kooperative yenye karatasi zake inatuma mjumbe mmoja na mzigo wa memba 40. Anaingia ofisini mara moja, analipa mara moja, anachukua kitansi, anarudi kuonyesha kitansi kwenye mkutano. Palipokuwa na mabishano 40, panabaki moja. Kitansi hicho kikirudiwa msimu hadi msimu, tunajua bei ya kweli ya kuvuka, na tunaweza kulalamika kwa ushahidi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iko pia na cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Viongozi wetu wa Baraka na wa jimbo waulizwe waziwazi cheti hicho kinapatikana ofisi gani upande wetu, na nani amefundishwa kukijaza. Wengi wetu tuliishi Tanzania, Nyarugusu na Lugufu, tunajua masoko ya Kigoma na tunajua lugha ya watu wake. Ujuzi huo ni mali. Kinachokosekana ni karatasi.

Na leta je? Na mashirika?

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kusema: nyinyi munamtupia mkulima mzigo wote. Hapana. Bariere za watu wenye silaha barabarani, kooperative haiwezi kuziondoa. Daraja lililovunjika, kooperative haiwezi kulijenga peke yake. Hayo ni deni la leta kwetu, na tutaendelea kulidai. Bei ya kushusha mzigo ikishuka nusu kwa sababu njia imefunguliwa, hakuna kuchambua maharagi kunakoweza kuleta faida kama hiyo.

Mashirika ya msaada nayo yako na sehemu. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, mbegu. Shirika moja linaleta aina hii, lingine aina ile, msimu mmoja, bonde moja. Baada ya miaka miwili hakuna kooperative yenye gunia la aina moja. Mashirika yakubaliane na walimaji juu ya aina mbili tatu zinazoliwa hapa na kuuzwa ng'ambo. La pili, wanunue kwetu. PAM ilianza mwaka 2008 mpango wa kununua chakula kwa wakulima wadogo, uliitwa P4P, na Kongo ilikuwa moja ya nchi zake. Mnunuzi wa namna hiyo ni mkali: anapima maji, anapima mawe, anakataa. Ukali huo ndio shule tunayoihitaji. Kooperative iliyojifunza kuuzia mteja mkali hapa Baraka haitashindwa Kigoma. Tungependelea mnunuzi mkali kuliko zawadi ya magunia matupu.

Na tusisahau mteja wa karibu. Misisi na sehemu nyingine za dhahabu ziko na watu maelfu wasiolima, na vijana wetu wengi wamekwenda huko. Wanakula kila siku, na wanalipa. Chakula kinachofika huko kutoka mbali kinachukua pesa ambayo ingeweza kubaki milimani. Kumwondoa sokoni mtu wa nje kwa bidhaa nzuri ya kwetu ni sawa na kuuza nje, na hakuna duwane ya kupita.

Tule kwanza

Iko hofu moja inayosemwa na mama zetu, na wako sawa: tukivusha yote, watoto watakula nini mwezi wa njaa? Msimamo wetu ni kwamba kooperative isinunue gunia la nyumba ambayo haijaweka chakula chake na mbegu yake. Mkulima anayeuza yote mwezi wa mavuno, halafu ananunua tena miezi minne mbele kwa bei mara mbili, hajauza nje, amejiuza mwenyewe. Mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu inayofungwa bila hewa, inaweka maharagi na mahindi miezi mingi bila dawa na bila kuliwa na wadudu. Inampa mtu nguvu ya kungoja. Na mtu anayeweza kungoja ndiye anayeweza kukataa bei ya kutupa.

Mzigo mmoja unataka majirani wanaoongea

Neno la mwisho ni gumu, lakini tusipolisema, mengine yote ni bure. Mzigo wa kuvuka ziwa ni mkubwa. Unataka maharagi ya mlimani, depo ya pwani, boti ya Baraka. Hakuna kabila moja hapa lenye vyote vitatu. Bibokoboko imeonja vita. Mapigano ya Oktoba 2021 yalitoa watu vijijini, nyumba zikaungua, wengine wakakimbilia Baraka, wengine mbali zaidi. Na vijiji vya Babembe, Bafuliru, Banyindu na Banyamulenge vyote viko na makaburi na mashamba yaliyoachwa. Kooperative haiwezi kuamua kesi hizo, na haitajifanya mahakama.

Lakini kooperative inaweza kufanya jambo moja dogo: kuweka mizani moja kwa wote, na daftari moja kwa wote, bei moja kwa gunia moja. Wale wa Minova walianzia hapo. Mnunuzi wa Kigoma haulizi maharagi haya yamelimwa na nani, anauliza kama yamekauka. Tukiweza kuaminiana kwa kilo 100, pengine tutajaribu siku moja na mambo makubwa zaidi. Na tusipoweza hata hizo, mfanyabiashara wa nje ataendelea kununua kwa kila mmoja wetu kando, kwa bei anayotaka yeye.

Tunachopendekeza

Kwa mkutano mkuu ujao wa kila kooperative, tunaomba mambo haya yawekwe mezani na kupigiwa kura:

1. Kuchanga na kununua mizani, na kuacha kabisa kuuza kwa kopo na lumbesa.

2. Kuchagua kamati ya ubora ya watu watatu, angalau wawili wakiwa wanawake, juu wao ndio wanaokausha na kuchambua. Kamati iwe na haki ya kukataa gunia la mtu yeyote.

3. Kuchagua aina moja ya maharagi ya kuuza pamoja msimu huu. Aina zingine zibaki za kula nyumbani.

4. Kumaliza karatasi za kooperative, na kutuma mjumbe mmoja Baraka kuuliza huduma nne za mpakani na karantini bei zao halali, kwa maandishi.

5. Kujaribu safari moja tu, mzigo mdogo, kavu, safi, wenye alama ya kooperative. Baadaye hesabu yote isomwe mbele ya memba: tumetumia ngapi, tumepata ngapi, nani amekata nini.

Safari hiyo ya kwanza huenda isilete faida kubwa. Itatuonyesha kwa tarakimu pesa yetu inapotelea wapi, na hapo tutajua tunamdai nani: sisi wenyewe, mnunuzi, au leta. Kooperative itakayojaribu, ituletee hesabu yake hapa, ikiwa nzuri au mbaya, ili wengine wajifunze nayo.